Dhamira ya Sabra na Maji ya Zamu

Kila asubuhi kabla ya kwenda shule, Sabra binti Zuberi aliteka maji, akawapa mbuzi majani, kisha akateremka bondeni kuangalia kabichi za baba yake. Alikuwa na miaka kumi na miwili, darasa la sita, kijijini Lukozi, na mkono wake ulikuwa mwepesi kuliko akili yake. Ukimkanyaga, kofi. Ukimcheka, ngumi. Wenzake walimpisha kwenye foleni ya bomba, naye, masikini, akadhani hiyo ndiyo heshima.

Jumatatu moja Mwalimu Jenoveva aliwapa kazi.

"Mmeiona dira na dhamira iliyobandikwa ofisi ya kijiji? Na mtu mmojammoja anayo yake. Andikeni sentensi moja: nataka kuishi vipi? Ishini nayo wiki nzima, halafu mtatusomea."

Wengi waliandika udaktari na urubani. Sabra aliandika: "Mimi Sabra, sitakubali kuonewa na mtu yeyote."

Mwalimu alisoma, akamtazama. "Na wewe, hutamwonea mtu?"

"Mimi huwa simwanzi mtu, mwalimu."

Hamza, mtoto wa jirani yao wa shambani, aliangua kicheko. Wakati wa mapumziko alilipwa teke.

Sasa, huko bondeni maji ya mfereji hugawanywa kwa zamu. Kila familia ina siku yake ya kuyaelekeza shambani kwake, na Alhamisi ilikuwa siku ya akina Sabra. Lakini Jumanne ya wiki hiyo alizikwa bibi mmoja wa jirani, na siku ya kuzika hakuna anayeshika jembe. Siku hiyo haihesabiwi; zamu zote husogea mbele kwa siku moja. Sabra alikuwepo msibani, akaosha masufuria mpaka vidole vikakunjamana. Habari ya zamu kusogea haikumjia kichwani kabisa.

Alhamisi alasiri alishuka na jembe, akakuta mfereji mkavu na kabichi zimelegea. Juu kidogo Hamza alikuwa amesimama ndani ya maji, akiyaelekeza kwenye viazi vya kwao.

Sabra hakuuliza. "Mwizi wa maji!" alifoka, akamshushia mpini. Hamza alinyanyua mkono wa kulia kujikinga, na mfupa ukavunjika kwa sauti ambayo wote wawili waliisikia. Akapiga yowe, akaokota jiwe kwa mkono wa kushoto, akamtupia. Likampasua Sabra juu ya jicho. Damu ikamziba uso, akamrukia, wakabingirika matopeni wakiumana.

"Juzi tumezika!" Hamza alilia. "Zamu zimesogea! Leo ni yetu!"

Sabra aliganda. Ilikuwa kweli, na alijua. Lakini baba yake, Zuberi, alikuwa ameshafika akihema, ameona damu usoni mwa binti yake.

"Nani kakufanya hivi?"

Hapo ndipo alipopaswa kusema ukweli. Aliogopa, na hofu ikamfanya mwongo. "Hamza, baba. Kaiba maji yetu, nimemkataza, kanipiga jiwe."

Kassimu, baba yake Hamza, naye alikuja mbio na panga la kukatia majani ya ng'ombe. Zuberi, akiwa haoni ila damu ya mwanawe, hakungoja salamu wala hakukumbuka kwamba zamu zimesogea. Ngumi ya kwanza ilimng'oa Kassimu jino. Kassimu akarusha panga, ncha ikamchana Zuberi bega. Wakakabana, wakaanguka, Zuberi akamkalia mwenzake kifuani. Akaokota jembe la binti yake, akaliinua kwa mikono miwili juu ya kichwa cha jirani ambaye juzi tu walibeba naye jeneza.

Sabra aliliona jembe likienda juu. Likishuka, Hamza hana baba. Na baba yake yeye atafia gerezani. Alirukia mpini akaning'inia nao.

"Baba, usipige! Nimesema uongo! Leo ni zamu yao! Mkono wa Hamza nimeuvunja mimi!"

Zuberi alishusha mikono. Akalitupa jembe, akakaa kwenye matope, akalia mbele ya watoto. Kassimu alijiinua akitema damu.

"Zuberi," alisema, "mwanangu anahitaji hospitali."

Zuberi akambeba Hamza mgongoni mpaka barabarani, damu ya bega ikimlowesha mtoto, wakatafuta pikipiki za kuwapeleka Lushoto.

Kamati ya mfereji iliamua kwamba akina Sabra watalihudumia shamba la akina Hamza mpaka mkono upone. Kila jioni Sabra alipalilia viazi, na kila jioni alimwamkia Kassimu, "Shikamoo, baba." Siku nne Kassimu hakuitikia. Hakuna kofi lililowahi kumuuma Sabra kama ukimya huo. Siku ya tano akamjibu: "Marahaba. Magugu ya ukingoni umeyaruka."

Hamza aliporudi shuleni mkono ukiwa kwenye plasta, Mwalimu alimtaka Sabra amwandikie dhamira mpya.

"Andika," Hamza alisema. "Mimi Hamza, nitauliza kabla sijapiga."

"Hiyo si inanihusu mimi?"

"Ni yangu. Lile jiwe nililenga jicho, Sabra. Nilikosa tu."

Sabra aliinama akaandika. Alimaliza sentensi ya Hamza, akafungua daftari lake, akaandika: "Mimi Sabra, nitasema ukweli." Akampelekea Mwalimu.

"Ile ya kwanza haikuwa na ubaya," Mwalimu Jenoveva alisema. "Mtu asikubali kuonewa. Ila uliwafikiria wabaya wako tu, basi ukamwona mbaya hata mtu anayemwagilia viazi vyake siku ya zamu yake. Dhamira hupimwa siku umekasirika, mwanangu, na siku unaogopa."

Akamrudishia daftari.

"Hii ni nzuri. Ongeza neno moja tu: mapema. Ukweli wako wa Alhamisi ulikuja bega la baba yako limeshachanwa, na jino la mtu liko chini."