Ua Lililoanguka Kulia kwa Amma

Sumanth alitoka hekaluni saa saba mchana akakuta kandambili zake zimekwenda na mtu mwingine. Ilikuwa siku ya kuvuta gari la mbao la Amma, mungu wetu wa kike, na watu wa vijiji vyote vya ukingo huu wa mto Tungabhadra walikuwa wamejaa kijijini kwetu Hirekallu. Ua wa hekalu wote ni mawe, na mawe ya saa saba hayana huruma. Akaanza kurukaruka, mkoba wa michoro ukimpiga kiunoni, watu wakimpisha huku wakicheka.

"Kaka! Wewe wa shati la bluu! Kanyaga mstari mweupe!"

"Mstari gani?"

"Huo uliouruka mara tatu! Penye chokaa hapachomi!"

Akatua juu ya mstari, akashusha pumzi, akainua macho. Mbele yake alisimama binti chini ya mwavuli mweusi, amevaa sari ya pamba ya rangi ya manjano yenye pindo jekundu, msuko mmoja mrefu ulioshonewa asumini, na begani beji ya waongoza wageni. Mdomo wake ulijitahidi kutocheka. Macho yalishashindwa.

"Umetoka Bengaluru," alisema.

"Umejuaje?"

"Wa hapa siku ya sikukuu huja na kandambili mbovu. Wewe umeacha za ngozi mlangoni ukategemea kuzikuta."

"Basi nirudi vipi nilikofikia?"

"Kwa mstari mweupe mpaka langoni. Baada ya hapo, kimbia."

Huyo ndiye Nagaveni, mjukuu wa Bibi Gauramma, na aliyajua magofu yetu ya ng'ambo ya mto kuliko sisi tunaochungia mbuzi humo. Sumanth alikuwa ametumwa kwa miezi mitatu kupima na kuchora nguzo za zamani kabla hazijakarabatiwa, na ofisi yake ilitaka kila karatasi ikaguliwe na mwongozaji wa hapa. Mkaguzi aliyepangiwa, bahati yake, alikuwa yule yule wa mwavuli.

Kila asubuhi walivuka mto kwa kile kitumbwi chetu cha duara kama ungo, kinachozunguka kinavyotaka chenyewe, mpaka mtu hajui tena atokako na aendako. Upande wa pili wakapanda ngazi za mawe, Sumanth na kamba yake ya kupimia, Nagaveni na mikate ya mtama na chatne ya karanga ndani ya kitambaa. Mchana walikula chini ya dari ya ukumbi wa wafalme waliosahaulika, nyani wakiwavizia, mto ukipiga kelele yake ya upole pale chini.

"Wewe mchoraji una tabia moja," Nagaveni alimwambia siku moja, akimfuta unga wa chaki shavuni kwa pindo la sari. "Kila kitu unakipima kutoka uliposimama wewe."

"Nipime kutoka wapi?"

"Nenda kasimame kwingine mara moja moja, mpenzi."

Neno hilo la mwisho lilimtoka bila kupanga. Wote wawili walilisikia, na hakuna aliyegusa mkate kwa muda mrefu.

Baada ya hapo mambo yalikwenda mbio, na wiki mbili kabla kazi haijaisha Sumanth alikwenda kwa Bibi Gauramma kumposa Nagaveni. Bibi alimtazama kuanzia nywele hadi vidole vya miguu.

"Mimi sikatai na sikubali," alisema. "Ataulizwa Amma."

Bibi huyu hajapata kununua hata ndama bila kumwuliza Amma. Kuhani hubandika maua yenye maji kwenye mabega ya sanamu yake, mwenye shida husimama mbele yake na kuuliza, kisha watu husubiri. Ua likianguka kulia, ni ndiyo. Likianguka kushoto, ni hapana. Hekalu zima hukaa kimya, hata watoto.

Ijumaa ikafika. Bibi na Nagaveni walisimama mbele, Sumanth akabanwa mlangoni nyuma ya vichwa vya watu. Alisubiri mpaka shati likamganda mgongoni. Kisha ua moja jeupe likateleza, likaning'inia, likadondoka. Aliliona kwa macho yake likianguka kushoto. Kengele zikapigwa, watu wakasukumana, na kati ya mabega ya watu akamwona Bibi Gauramma akijifuta machozi.

Hakuweza kumtazama Nagaveni usoni, akaona heshima pekee iliyobaki ni kuondoka. Alikusanya karatasi zake, akapanda basi la saa kumi.

Nagaveni alipogeuka kumtafuta, mlangoni zilibaki nyuso za watu wengine tu. Alimngoja siku mbili kwa aibu na matumaini, ndipo akapiga simu.

"Uko wapi?"

"Bengaluru. Nyumbani."

"Bila kuniaga, Sumanth?"

"Veni, nililiona ua."

"Uliliona?"

"Nililiona. Ningebaki kufanya nini baada ya hapo?"

Nagaveni aliyapokea maneno hayo kwa hasira. Kumbe aliliona, akajua sasa harusi ni ya kweli, akatoka mbio!

"Sawa," alisema. "Umeliona, umeondoka. Sina la kuongeza."

Akakata. Bibi alipomwuliza, alijibu kwamba bwana harusi amekubaliwa akatoroka, kisha akaingia jikoni akakuna nazi mpaka akajikwaruza kidole, akapata kisingizio cha kulia.

Wiki tatu zikapita. Huko Bengaluru, ghorofa ya nne, jikoni kwa jirani sufuria ya mvuke ikipiga mluzi, Sumanth alikuwa akimalizia karatasi ya mwisho, ya sanamu ya Amma mwenyewe, kasuku mkononi. Sharti la ofisi lilibaki lile lile, ikaguliwe na mwongozaji. Aliipiga picha akaituma kwa simu.

Jibu lilikuja kavu kabisa. "Karatasi ya 41 ina kosa. Kasuku wa Amma yuko mkono wa kulia, umeandika kushoto."

"Nimepima mwenyewe," aliandika. "Ni kushoto."

"Kushoto kwako. Yeye anakutazama wewe. Geuka, simama kama anavyosimama yeye, uinue mkono."

Sumanth akasimama, akaipa meza mgongo, akainua mkono ambao Amma ameshikia kasuku. Ulikuwa mkono wa kulia. Akautazama huo mkono wake kama mtu aliyeuona leo kwa mara ya kwanza, kisha akairukia simu.

"Veni! Ua lilianguka wapi?"

"Si uliliona?"

"Niambie, nakuomba! Lilianguka wapi?"

"Kulia kwa Amma! Kijiji kizima kiliona! Bibi alilia kwa furaha mpaka akadondosha miwani!"

"Mimi niliona kushoto."

Upande wa pili kulisikika mto, na nguo zikipigwa juu ya mawe. Kisha Nagaveni akacheka, na kicheko kikageuka kilio katikati.

"Mjinga wewe! Mjinga uliyesoma!"

"Nakuja. Napanda treni leo hii."

"Usije."

"Veni?"

"Nijibu kwanza. Kama lingeanguka kushoto kweli? Ungeondoka vile vile bila hata kuniuliza mimi. Na mimi nilishamwambia kuhani kwamba Amma akikataa, nitarudi Ijumaa ya pili, na ya tatu. Watu huuliza tena, Sumanth. Wewe hata mara moja hukuniuliza nataka nini."

Hilo halikuwa kosa la kulia na kushoto, na Sumanth alijua. Hakulala vizuri. Lakini Ijumaa asubuhi tulimwona kwenye kitumbwi, kikizunguka naye katikati ya mto, shati lile la bluu limekunjamana, miguuni kandambili za mpira zilizochoka. Nagaveni alikuwa kwenye ngazi za mto anasuuza sari, Bibi ameketi ngazi chache juu akichambua dengu. Hakuna aliyemkaribisha.

"Hekalu liko juu," Nagaveni alisema bila kuinua kichwa. "Kama umekuja kumwuliza Amma."

"Amma alishajibu," Sumanth alisema, amesimama ndani ya maji mpaka magotini. "Nimekuja kukuuliza wewe, ambaye nilipaswa kukuuliza kwanza. Nagaveni, unataka kuolewa na mimi? Ukisema hapana, naja Ijumaa ijayo. Na ile nyingine. Nimeshanunua kandambili mbovu."

Bibi Gauramma aliacha dengu. Wanawake waliokuwa wakifua wakaacha kufua, wala hawakujificha kwamba wanasikiliza.

Nagaveni aliikamua sari, akaiweka juu ya jiwe, akashuka majini. Alikuwa amemkasirikia wiki tatu, na wiki hizo hizo tatu alikuwa akimtamani, na yote mawili yalionekana usoni. Kisha akamshika mabega, akamgeuza taratibu mpaka wote wawili wakawa wanatazama ule upande wa magofu.

"Kulia ni wapi?" akauliza.

Sumanth akainua mkono.

"Mwaka huu amejifunza kitu," Bibi alisema kule juu.

Nagaveni alifungua fundo kwenye pindo la sari yake, akatoa lile ua jeupe la Ijumaa ile, sasa limekauka, akaliweka katika kiganja kile cha kulia. "Ndiyo," akasema. Sumanth alifunga vidole polepole, lisije likavunjika.