Nani Alizitoa Karatasi za Kodi?

Karani wa ofisi ya misaada ya wanafunzi alifungua bahasha, akachungulia, akakunja uso. "Binti, hizi ni bili za maji. Hati za kodi za wazazi ziko wapi?"

Chiriku, aliyepewa jina hilo kwa kupenda kuongea, alikosa la kusema. Maombi ya msaada wa ada yalikuwa yanafungwa jioni hiyo, na bila hati hizo chuo angekiona kwa nje tu.

Mjomba wake, mpelelezi wa polisi aliyemsindikiza, alizikagua zile karatasi. Baadhi zilikuwa zimewekwa juu chini. Moja ilikuwa tupu, haina hata herufi. Lakini bahasha yenyewe ilikuwa safi, imegundishwa upya kwa uangalifu.

"Nani alijua ilipokuwa?"

"Nyumba nzima, Mjomba. Ilikuwa kabatini sebuleni."

Walirudi nyumbani mbiombio. Wa kwanza kuhojiwa alikuwa baba, dereva wa lori, maana wiki nzima alikuwa akinung'unika kwamba hataki watu baki wachungulie mapato yake.

"Nililalamika, shemeji, sikatai," alisema. "Lakini hati hizo nilizipangia foleni mwenyewe. Ningetaka kukataa ningekataa kwa mdomo. Namwogopa nani humu ndani?"

Kaka mtu, fundi pikipiki, aliwahi kusema waziwazi kwamba mdogo wake angefaa zaidi dukani kuliko chuoni. Mjomba aliitazama mikono yake. Oili ilikuwa imeingia mpaka kwenye kucha, na bahasha haikuwa na doa. Akamwacha.

Akaingia jikoni alikokuwa dada yake, mama wa Chiriku. Akamnyooshea ile karatasi tupu.

"Dada, bili hii ni ya mwezi gani?"

Dada aliisogeza karibu kabisa na uso. "Maandishi madogo mno haya. Ya mwezi uliopita, nadhani."

"Haina maandishi, Dada."

Dada aliishusha karatasi mezani.

"Aliyezibadilisha alipapasa tu," mjomba alisema taratibu. "Alitafuta za ukubwa uleule. Macho yameanza lini?"

Dada aliketi. "Daktari anasema yatazimika kabisa. Mume wangu yuko barabarani kila siku, kijana anashinda gereji. Nikajiona nimebaki peke yangu gizani."

"Hati ziko wapi? Bado tunawahi."

"Nimezichoma."

Mjomba alifumba macho. Ofisi ya kodi isingetoa nakala siku hiyohiyo.

"Mama." Chiriku alikuwa amesimama mlangoni, amesikia yote. "Ungeniambia, ningebaki."

"Ndiyo maana sikukwambia. Sikutaka ubaki kwa kunihurumia."

"Ukaona heri nibaki kwa kushindwa?"

Binti alimtazama kitambo, machozi yakimtiririka, kisha akageuka. Alikuwa peku, akaondoka bila kishindo.

Mjomba alikuwa amewabana majambazi sugu mpaka wakasema ukweli, na kila mara alirudi nyumbani kifua mbele. Leo alitamani kesi ingemshinda.

"Nisamehe, mwanangu," dada yake alisema, akinyoosha mikono kuelekea mlangoni. "Njoo basi. Mbona umenyamaza?"

Mjomba aliutazama mlango mtupu. Akasogea, akaishika ile mikono yeye.