Matairi ya Duka la Kwanza

Kila Jumatatu na Alhamisi asubuhi, kazi ya Wakili ilikuwa kuandaa gari. Alifuta vioo kwa kitambaa, akaweka mto kwenye kiti cha mbele, kisha akarudi ndani kumshika Bibi mkono ili washuke ngazi pamoja, polepole, ngazi moja baada ya nyingine. Bibi alikuwa na ugonjwa wa figo. Siku hizo mbili alipelekwa hospitali kuunganishwa na mashine iliyosafisha damu yake, kwa kuwa figo zake zilikuwa zimegoma kuifanya kazi hiyo. Akikosa siku moja, miguu ilivimba na pumzi ikawa ya shida. Akikosa zaidi ya hapo, kila mtu nyumbani alijua kitakachofuata, ila hakuna aliyekitaja.

Wakili halikuwa jina lake la kuzaliwa. Bibi ndiye aliyempachika jina hilo kwa sababu ya ubishi wake, maana hata akiambiwa akaoge alitaka kwanza apewe sababu na ushahidi. Mbele za watu Bibi alimwita hivyo. Wakiwa wawili tu alimwita mke mwenzangu, akamtania kwamba wao wawili ndio wajane wa marehemu Babu, na kwamba mmoja wao anapika vibaya.

Gari lenyewe lilikuwa dogo, la kijivu, na mlango wake wa nyuma ulifunguka kwa nje tu. Dereva alikuwa Mama. Baba alifanya kazi mbali na alirudi nyumbani kwa nadra. Mama alikuwa fundi cherehani, akishona sare za shule, kwa hiyo gari lilibeba majora ya vitambaa, sare zilizokunjwa, na Bibi. Bibi alikuwa akisema kwamba katika mizigo yote ya gari hilo, yeye peke yake ndiye asiyekunjika.

Mwaka huo matairi yalikuwa yamekwisha. Meno yake yalilika mpaka yakawa kipara, na Bibi akasema gari limeanza kufanana na marehemu mume wake. Wakili alicheka sana. Mama hakucheka, kwa sababu mvua zilikuwa njiani, na barabara ya hospitali ilikuwa na mteremko mrefu unaoishia kwenye daraja jembamba.

Shule zilikuwa karibu kufunguliwa na cherehani ya Mama haikupumzika. Jumamosi moja alimwita Wakili, akamwambia kuwa sasa ni msichana mkubwa na anaweza kutumwa jambo la maana. Alimweleza taratibu, mguu wake ukiendelea kukanyaga cherehani. Walihitaji matairi yatakayofaa majira yote, yaani mvua na kiangazi, kwani hawakuwa na uwezo wa kununua mara mbili. Yawe na mifereji ya kutosha ya kusukuma maji. Mpira usiwe laini sana, maana lami ya jua ingeumaliza upesi, wala usiwe mgumu sana, maana mpira mgumu huteleza kwenye maji. Juu ya yote, asome tarakimu nne zilizochapwa peke yake ubavuni mwa tairi. Mbili za kwanza zinaonyesha juma, na mbili za mwisho mwaka ambao tairi limetengenezwa. Mpira huzeeka hata ukiwa umekaa dukani, Mama alisema. Baba ndiye aliyemfundisha hayo.

“Tunataka matairi rahisi, lakini ya kudumu,” Mama alimaliza. “Pita maduka yote ya ule mtaa. Uliza, linganisha, soma tarakimu. Ukiridhika, uniambie.”

Wakili alitoka akijiona mtu mzima. Duka la kwanza lilikuwa mwanzoni kabisa mwa mtaa, na matairi yake yalipangwa nje, meusi, yaking'aa mpaka mtu angeweza kujitazamia. Muuzaji alimpokea kwa bashasha na kumwita bosi. Bei aliyomtajia ilikuwa ndogo kuliko Mama alivyotarajia. Wakili akamuuliza kuhusu tarakimu.

Muuzaji alicheka kwa upole, akapapasa tairi. Akasema mpira ule hata vumbi haujauona, sasa tarakimu za nini tena.

Wakili aliinama na kutazama ubavu uliokuwa mbele yake. Kulikuwa na maandishi mengi, lakini tarakimu nne za peke yake hakuziona. Huenda zilikuwa upande wa pili. Ili kuziona angelazimika kuligeuza tairi, nalo lilikuwa zito, na gauni lake lilikuwa safi. Jua lilikuwa kali. Mtaa ulikuwa mrefu, na rafiki yake wa jirani alikuwa akimngoja waangalie mwisho wa tamthilia waliyoifuatilia tangu likizo ilipoanza. Hakuligeuza. Alimwambia muuzaji kwamba Mama atakuja, akaenda kwa rafiki yake, na mchana wote ukaishia mbele ya televisheni.

Jioni Mama alimuuliza kama amepita maduka yote.

“Yote, Mama.”

“Na tarakimu umezisoma?”

“Nimezisoma. Ni ya mwaka huu.”

Ulikuwa uongo mfupi na haukumtoa jasho. Mama alimshika bega, akamshukuru kwa kumpunguzia kazi, na shukrani hiyo ndiyo iliyomchoma kidogo. Hata hivyo, aliuacha uongo ulivyo. Walienda dukani pamoja kabla ya kufungwa. Mama aliona mifereji mirefu, akaridhika, kisha akasogea pembeni kujibu simu ya mwalimu mkuu aliyetaka kujua sare zake zimefikia wapi. Muuzaji aliyafunga matairi haraka haraka, ule upande ambao Wakili hakuutazama akiuelekeza ndani.

Mvua ilianza Jumatano usiku na Alhamisi asubuhi ilikuwa bado inanyesha. Mama aliendesha polepole. Wakili alikuwa nyuma na mkoba wa Bibi mapajani. Katikati ya mteremko Mama alikanyaga breki, kama alivyofanya kila siku mahali pale, na gari halikusimama. Liliteleza, likageuka ubavu, likaenda lenyewe huku Mama akizungusha usukani bila faida. Lilitumbukia mtaroni hatua chache kabla ya daraja, na mlango wa upande wa Bibi ukabonyea.

Mama na Wakili walitoka na michubuko. Bibi alikuwa amejikinga kwa mkono wa kushoto, na huo ndio mkono uliokuwa na mshipa ulioandaliwa na madaktari kwa ajili ya mashine. Mkono ulivimba mbele ya macho yao. Dereva wa lori la mchanga aliwachukua mpaka hospitali, na huko daktari akasema mshipa ule hautatumika tena. Ilibidi Bibi atobolewe shingoni na kuwekewa mrija ili damu isafishwe siku ileile. Alilazwa. Wakili alipoingia wodini, Bibi alikuwa amefumba macho, plasta nyeupe shingoni, na hakumtania mtu.

Nyumba ilibadilika. Mama aliketi mbele ya cherehani na hakushona. Jirani alipokuja kumpa pole, Mama alimwambia kwamba gari litauzwa, na kwamba yeye hatagusa usukani tena maisha yake yote. Jirani alimuuliza jinsi Bibi atakavyofika hospitali, maana hakuweza kusimama kituoni wala kupanda na kushuka. Mama alisema hajui.

“Nilijua kuna mvua,” alisema. “Matairi ni mapya, kwa hiyo kosa si la gari. Ni mikono yangu. Mimi ndiye niliyemvunja mama mkwe wangu.”

Kisha akalia. Wakili hakuwahi kumwona Mama akilia, na aliogopa kuliko alivyoogopa mtaroni. Hakujua kama matairi yale yalikuwa mabovu. Alichojua ni kwamba Mama alikuwa akijihukumu kwa jambo ambalo yeye Wakili alilidanganyia. Jirani alipoondoka, alisimama mbele ya Mama na kusema yote: duka moja, tarakimu ambazo hakuzisoma, tamthilia. Hakuficha lolote.

 Mama hakumpiga wala kumgombeza. Alichukua mwavuli, akamwambia avae viatu.

Gereji ambako gari lilivutwa haikuwa mbali. Fundi alikuwa ameshalivua gurudumu moja na kuliegemeza ukutani. Mama aliligeuza mwenyewe, akalipangusa kwa kanga yake, akamwita Wakili karibu.

“Soma,” alisema.

Wakili alisoma. Tarakimu mbili za mwisho zilikuwa za mwaka ambao yeye mwenyewe alikuwa bado anatambaa. Chini ya rangi ya kung'arisha, ubavu ule ulikuwa na nyufa nyembamba zilizouzunguka wote. Mama alibonyeza mpira kwa kidole gumba, nao haukubonyea. Ulikuwa umekauka kama soli ya kiatu cha zamani. Fundi alisema tairi la namna hiyo likikutana na maji ni sawa na sahani kwenye sabuni, hata dereva awe nani.

 Wakiwa njiani kurudi Mama alisema kwamba angalau sasa anajua si mikono yake, na gari halitauzwa. Lakini alisema pia kwamba kuanzia leo kila Wakili atakapomwambia jambo, itambidi aulize mara mbili, na hilo litamuumiza. Wakili alitembea nyuma yake akilia kimya kimya.

Walipompelekea tairi lile, muuzaji wa duka la kwanza alisema mali ikiuzwa hairudi. Mama akamjibu kwamba ni sawa, yeye ataketi pale mlangoni na tairi lake na kumsomea kila mteja mwaka wake. Alivuta kiti kweli, akaketi. Muuzaji alirudisha sehemu ya fedha, si zote. Kilichopungua kilitoka kwenye akiba ya cherehani ya pili, ambayo Mama alikuwa akiiwaza kwa muda mrefu.

Safari hii Wakili alitumwa tena, na alijua kwamba kutumwa huko ni mtihani. Alianza mwanzo wa mtaa mpaka mwisho, kwa gauni la zamani, akigeuza kila tairi alilooneshwa mpaka viganja vikawa vyeusi. Duka moja lilikuwa na matairi imara sana lakini magumu, la pili yalikuwa laini na yangelika mapema, na kwingine bei haikushikika. Mwisho kabisa kulikuwa na mama mmoja mnunaji aliyekaa katikati ya matairi yenye vumbi. Hakumwita bosi. Alisema tu kwamba macho anayo, asome. Tarakimu zilikuwa za miezi michache iliyopita, mifereji ilikuwa mirefu, mpira ulibonyea kidogo na kurudi, na dhamana ilitolewa kwa maandishi.

Wakili alirudi kwa Mama na kumweleza duka kwa duka. Alipofika kwenye matairi ya yule mama, aliongeza kwamba yana kasoro: muuzaji mwenyewe amekiri kuwa yanapiga kelele kwenye lami kavu. Mama akasema kelele wataivumilia. Lakini alienda kuyageuza na kuyasoma yeye mwenyewe pia, na Wakili hakushangaa.

Siku Bibi aliporuhusiwa kutoka, gari lilikuwa limeshatengenezwa na mvua ilikuwa inanyesha tena. Alifika mlangoni mwa gari akasita, mkono wake mbovu ukiwa umefungwa kifuani.

“Nani amechagua matairi?” aliuliza.

Mama alimgeukia Wakili. Wakili akaelewa kwamba jibu ni lake.

“Ni mimi, Bibi. Hata yale ya kwanza nilichagua mimi. Sikuyasoma, nikasema nimeyasoma.”

 Bibi aliingia garini kwa tabu, Wakili akamfunga mkanda, akiuepuka mrija wa shingoni. Walitoka. Hata upande wa hospitali barabara iliteremka kuelekea daraja lilelile; lilionekana mbali chini, na maji yalikuwa yakitiririka juu ya lami. Mama alikanyaga breki mwanzoni mwa mteremko, gari likapunguza mwendo. Akakanyaga tena chini karibu na daraja, likasimama pale pale alipotaka.  Wakavuka.

Upande wa pili ndipo Bibi alipofungua mdomo.

“Mama yako alikutuma rahisi ya bei,” alisema. “Wewe ukachukua rahisi ya miguu. Neno ni moja, mke mwenzangu, lakini mambo ni mawili. Kitu cha bei nafuu hupatikana kwa kutembea, kuuliza na kugeuza. Anayetaka asichoke, kuna mtu mwingine atachoka kwa niaba yake. Safari hii nilikuwa mimi.”

“Nisamehe, Bibi.”

“Nimekusamehe. Lakini huu mrija husafishwa kila mara nikienda, na una maumivu. Alhamisi utaingia na mimi ndani, usibaki kwenye benchi la nje. Si adhabu. Nataka tu uone uongo mfupi unachukua muda gani kupona.”

Mvua iliendelea. Wakili alisogea mbele kidogo, akaweka mkono begani kwa Bibi, upande usiouma.

“Nitaingia,” alisema.