Malmal Katika Gunia la Habak

Kila asubuhi ya likizo Ramlo aliketi mkekani nje ya ghala la akina mama wa mtaa wa Iftin, mjini Garissa, ungo mapajani, akichambua habak, ule utomvu mkavu wa mgunga unaong'aa kama asali iliyoganda. Maganda huku, kokoto kule, vipande safi guniani. Bibi yake, Ayeeyo Rahmo, alipita nyuma ya wachambuaji na sindano ya magunia, ndefu kiasi cha kumshonea ngamia suruali. Macho yake, watu walidai, yaliona punje ya mchanga iliyoanguka Wajir.

Alhamisi macho hayo yalipitwa. Saa tisa timu ya Iftin ilikuwa icheze mpira na ile ya Waberi, na Ramlo ndiye golikipa. Gunia lake lilikuwa limebakiza debe moja lijae. Kando yake palikuwa na debe ambalo halijachambuliwa: habak, maganda, na vipande vyekundu vya malmal, utomvu mwingine, mchungu kuliko dawa ya malaria. Ramlo akatazama kushoto, akatazama kulia, akamimina lote. Juu akatandaza habak safi. Ayeeyo akalishona gunia, na Ramlo akatoka mbio.

Iftin ilishinda. Ramlo alidaka mikwaju mitatu. Alipofika nyumbani ilikuwa imeshazaana na kuwa tisa.

Jumamosi lori la Dekow lilipakia magunia arobaini ya kwenda bandarini Mombasa. Bwana Kang'ethe, afisa wa biashara, alikuwa hapo. Alikuwa na miaka minne Garissa, na bado alijipepea kwa faili kama mtu aliyeshuka basi jana. Akainua chupa ya soda.

"Ramlo, humu mna nini?"

"Maji na sukari, mwalimu."

"Mimi si mwalimu. Na kuna habak! Ndiyo inayoshikanisha ladha na maji. Miaka yote madalali wamenunua habak yetu chafu kwa bei ya kutupa. Husafishwa ng'ambo, kwa hiyo kazi ya kusafisha hubaki ng'ambo. Kisha inarudi chupani, tunainunua ghali na kusema asante."

Akina mama wakacheka, lakini si sana.

"Leo mnauza wenyewe, tena safi," akaendelea. "Wanunuzi wa ng'ambo wakiupokea mzigo huu, wataagiza kila msimu. Hapo tutaleta mashine ya kusaga, na kazi ikae hapa Iftin."

"Wakiukataa?" Ramlo aliuliza.

"Sheria yao ya vyakula haijui undugu. Hutoboa gunia lolote, wakatoa kidogo na kupima. Wakikuta uchafu, yote arobaini yanarudi, na nani atanunua tena habak ya Garissa?"

Ramlo alimwona mtoto wa nchi ya mbali akinywa soda chungu ya malmal na kuitema. Kisha akawaona akina mama arobaini, mmoja kwa kila gunia, wakirudi kwa madalali. Dekow akawasha injini.

Ramlo akaruka mbele ya lori, akatanua mikono kama yuko golini.

"We msichana!" Dekow akapiga kelele. "Hili si mpira! Hili halidakwi!"

"Usitoke! Gunia moja lina malmal. Nililitia mimi. Nilikuwa na haraka ya mechi."

Wanji, beki wa timu yake, akanong'ona, "Leo golikipa amefungwa."

Ayeeyo Rahmo hakupaza sauti, na hilo ndilo lililouma. "Gunia lipi?"

"Sijui, ayeeyo. Yote yanafanana."

Bwana Kang'ethe akatazama saa. "Lori lisipotoka saa kumi, halitaiwahi meli."

"Tuyafungue yote," alisema Ramlo.

"Nani atayafungua?"

"Mimi."

Akapanda lorini, akakumbatia gunia la kwanza, akaanguka nalo. Wanji akaja kushika upande wa pili. Akina mama nao wakafunga leso viunoni. Wasichana wa Waberi, waliokuja kudai marudiano, walijikuta wameshika nyungo. Kila gunia lilimwagwa mkekani, likapekuliwa, likashonwa upya.

Malmal ilipatikana katika gunia la thelathini na saba. Dekow huwaambia abiria wake kuwa lilikuwa la elfu moja na mia nne, na kwamba yeye aliyabeba yote kwa meno. Ramlo alilichambua mwenyewe, akalishona mwenyewe, vidole vimetoboka. Saa kumi kasorobo lori likaondoka.

Wiki saba baadaye Bwana Kang'ethe alikuja akikimbia, jambo ambalo Garissa haikuwahi kuliona. "Wamepokea yote arobaini! Wanataka themanini msimu ujao. Sasa naenda kuzisumbua ofisi za Nairobi mpaka zitupunguzie ushuru wa mashine ya kusaga!"

Vigelegele vilipotulia, Ayeeyo Rahmo alimwita Ramlo.

"Walahi, sheria za biashara ya dunia huandikwa mbali, na mimi hakuna aliyeniuliza," alisema. "Lakini usafi wa gunia hili uko mkononi mwako, hasa wakati hakuna anayekutazama. Ulidanganya kwa debe moja, karibu uturudishe sote nyuma. Ukasema kweli, ukafanya kazi, tumesonga mbele. Kumbuka yote mawili."

"Nitakumbuka, ayeeyo."

"Haya. Bado magunia themanini."

Akamrushia ungo, na Ramlo akaudaka.