Neno Lililokosa Nafasi Ubaoni

Kila asubuhi, kabla hatujavaa viatu vya shule, mimi nilifuta ubao na dada yangu akaandika. Ubao huo mweusi ulisimama mlangoni mwa duka la baba la kuuza na kutengeneza kompyuta, na ndipo zilipoandikwa bei za siku. Baba alikuwa na sharti moja ambalo wateja wote walilijua: bei ikishaandikwa ubaoni, duka halina ruhusa ya kuikana. Hata akikosea yeye mwenyewe, atauza kwa bei ile ile huku ameuma meno.

Dada alipewa chaki kwa sababu ya mwandiko wake. Mimi nilipewa kitambaa kwa sababu, kama alivyopenda kusema yeye, kufuta hakuhitaji akili. Nyumbani tulimwita Profesa. Maskini, alidhani tunamsifu.

Siku moja ya likizo baba alikwenda kuchukua mzigo, akatuachia duka tuuze vitu vidogo vidogo tu, nyaya na vipanya. Hata hajakata kona, Profesa ameshakaa kwenye kompyuta ya kaunta anasoma habari za prosesa zijazo. Prosesa ndiyo inayofanya hesabu zote za kompyuta, na ndani yake mna viini. Kila kiini ni kama mpishi mmoja jikoni: wakiwa wengi hugawana kazi, na chakula huiva upesi. Prosesa kubwa kuliko zote dukani kwetu ilikuwa na viini kumi na sita.

"Zinakuja za viini ishirini na nne," alisema. "Na bei ni ile ile ya hizi."

"Nani kasema?"

"Soma mwenyewe, kama unaweza."

Nilisoma. Aliyeandika habari ile hakuwa na jina wala picha, na kila sentensi yake ilianza na neno huenda. Huenda zikawa na viini ishirini na nne. Huenda bei isipande.

Profesa akachukua chaki, akaandika chini ya bei za baba kwa herufi kubwa, kutoka ukingo mmoja hadi wa pili: PROSESA MPYA ZINAKUJA, VIINI 24, BEI ILE ILE.

"Na neno huenda liko wapi?" nikauliza.

"Nafasi haitoshi. Halafu nani kakuuliza wewe? Kamata kitambaa chako."

Nikanuna, nikakamata kitambaa. Mchana alikuja mpiga video wa harusi, aliyekuwa amepania kununua ile ya viini kumi na sita, kwa kuwa kompyuta yake ilikuwa inamchosha. Alisimama mbele ya ubao akausoma mara mbili.

"Una hakika, binti?"

"Asilimia mia. Ukinunua leo unatupa pesa."

Mtu mzima akamsikiliza mtoto, si kwa ajili ya mtoto bali kwa ajili ya ule ubao. Aliupiga picha kwa simu, akaenda zake. Jioni, tulipofunga duka, niliufuta kabisa ili nisiamkie kazi hiyo, na baba aliporudi hakukuta kitu.

Miezi ikapita. Prosesa mpya zikaja kweli, na viini vyake ishirini na nne kweli. Bei ndiyo iliyokuja na sura nyingine: karibu mara mbili ya zile za zamani.

Mpiga video aliingia dukani bila salamu. "Naitaka ile ya ubaoni, kwa bei ya ubaoni."

"Ubao upi, ndugu yangu?" baba akauliza.

"Usiniite ndugu. Nimeuza prosesa ya kompyuta yangu nikingojea neno lenu. Sasa nakodi za watu, harusi za watu zimelala, na jana bibi harusi mmoja kanitukana mbele ya wanangu. Wiki hii nisipompa kazi yake, anaondoka na wateja wote aliowahi kuniletea. Nitakula nini?"

Baba aligeuka, akatutazama. Akamsikiliza mpiga video akieleza habari ya ubao hadi mwisho, uso umekunjamana.

"Mimi niliandika huenda," Profesa akasema haraka. "Huyu ndiye aliyelifuta. Si unamjua, akipita na begi lake anapangusa kila kitu."

Damu ilinipanda. Ubaya ni kwamba bei ya printa nilikuwa nimeipangusa kweli kwa begi, juzi tu.

"Umelifuta?" baba akaniuliza.

"Halikuwapo."

"Mwongo huyu," dada akasema. Nilimchukia saa ile, na sioni aibu kusema hivyo.

Mpiga video akaweka simu yake juu ya kaunta. "Kazi yangu mimi ni picha. Ya mdomoni malizaneni wenyewe."

Baba akavaa miwani. Pale kwenye picha ubao wetu ulionekana wote, na mstari wa dada ulijaa kutoka ukingo hadi ukingo.

"Profesa," baba akasema, na safari hii hata mwenyewe alisikia kwamba hasifiwi, "nionyeshe hilo neno lilikaa wapi."

Alichezea chaki mpaka ikavunjika. "Halikukaa popote. Niliacha kuliandika. Nilitaka nionekane nimejua kabla ya wengine."

"Na mdogo wako?"

"Nimemsingizia."

"Sikuja kusikiliza kesi za nyumbani kwenu," mpiga video akasema.

"Utauziwa kwa bei ya ubaoni," baba akamjibu. "Kaa."

"Nasimama."

Ile tofauti ya bei haikuwa na pa kutokea, na sote watatu tulijua. Chumbani kulikuwa na kompyuta ambayo dada alikuwa akiiunda kipande kwa kipande, kila zawadi yake ikiishia humo. Baba hakuitaja. Dada aliingia ndani, akatoka ameikumbatia, machozi yanamtiririka na hasira bado iko usoni.

"Iuzeni. Mmefurahi sasa?"

"Hakuna aliyefurahi," baba akasema. "Ila kesho kuna mtu atafanya kazi yake. Kukisia si kosa, mwanangu. Hata mimi nakisia kila nikienda kuchukua mzigo. Lakini ukikisia, sema umekisia, kwa sababu kuna mtu atauza chombo chake cha kazi kwa neno lako. Na ukikosea, beba kosa lako. Usimtwishe mdogo wako."

"Samahani," dada akaniambia, akitazama sakafu. Sikumjibu siku ile. Nilimjibu nilipopoa, na haikuwa karibuni.

Mpiga video alirudi baadaye kununua waya, bado hana tabasamu. Akamkazia macho dada yangu.

"Haya, mtaalamu. Za mwakani zitakuwa na viini vingapi? Na bei je?"

Nilisimama na kitambaa changu, nikisubiri. Dada aliutazama ubao.

"Sijui," akasema.

Baba, kichwa kikiwa ndani ya kasha la kompyuta ya mtu, hata hakugeuka. "Hilo liandike ubaoni," akamwambia. "Nafasi ipo."