Shuka Ambalo Sikulifua

Jirani zangu, sogeeni niwaeleze habari ya nyumba iliyo upande wa pili wa ukuta wangu. Ukijisikia kuwashwa wakati unanisikiliza, jikune tu bila aibu, maana hata mimi kila ninapoisimulia najikuna. Mimi ni dobi. Mwaka wa kumi na tisa huu nafua nguo za watu, na siri nyingi za nyumba zimepita kwenye beseni langu. Lakini hii si hadithi ya kumsema mtu. Na mimi nimo ndani yake, tena pabaya.

Asubuhi hiyo nilikuwa naanika mashati. Kulikuwa na jua la taratibu, na kimya kizuri cha saa ambayo watoto wameshakwenda shule. Mara nikasikia ukutani sauti ya Chiriku, ambaye siku hiyo hakwenda shule. Nikabaki na kibanio mdomoni, kwa sababu mtoto yule alikuwa hajaongea miezi mitatu.

Chiriku ni binti wa Fundi Saa, ana miaka tisa. Mtaa ulimpa jina hilo kwa kuwa mdomo wake haukuwa na likizo. Mama yake, rafiki yangu wa kufa na kuzikana, aliugua figo mwanzoni mwa mwaka, na katika wiki tatu alikuwa ametutoka. Baada ya maziko mtoto akanyamaza. Ukimwuliza, ndiyo. Ukimwuliza tena, hapana. Mwalimu alishaita mzazi mara mbili, akasema hali ikiendelea hivyo hatavuka darasa. Baba yake alikaa pale shuleni akasikiliza, akarudi, akainama tena mezani na kioo cha kukuzia kimebanwa jichoni, akaendelea kufungua saa za watu.

Sasa mtoto alikuwa anaongea. Nikachungulia dirishani. Paka wao alikuwa amezaa watoto wanne katikati ya kitanda cha marehemu, juu ya shuka lake, na Chiriku alikuwa amepiga magoti anawapa majina kwa lugha ya kazi ya baba yake: Sekunde, Dakika, Wiki na Mwezi. Aliwaeleza nani mvivu, nani mlafi, nani ajifunze adabu. Nilirudi kwenye mashati yangu nikiwa nimeridhika kabisa. Nikasema moyoni, mtoto amepona.

Utulivu huo haukumaliza wiki tatu.

Tangu msiba, hakuna aliyefagia chumba kile. Fundi alihamia kwenye kiti kirefu cha sebuleni, mlango wa chumba akauacha wazi nusu, na mle ndani kila kitu kikabaki kama mkewe alivyokiacha, hata shuka. Mimi nilijua. Majirani wote tulijua. Tulisema mwacheni, ana majonzi. Basi tukamwacha, vumbi nalo likaachwa.

Siku moja Chiriku akaja na Sekunde kiganjani.

"Mama Dobi, hebu mwangalie huyu. Hanyonyi."

Nilipopanua manyoya niliona viroboto wakikimbia kuelekea shingoni, na chini yake vumbi jeusi kama pilipili manga. Nikamlaza kwenye kitambaa cheupe kilicholowa maji. Lile vumbi likageuka jekundu. Nikamwonyesha mtoto kwamba hiyo si taka, ni damu ya paka wake iliyopita tumboni mwa kiroboto. Kisha nikatazama miguu ya Chiriku mwenyewe. Alikuwa na vipele hadi magotini.

Nikaenda kwa baba yake. Vifundo vyake vya miguu vilikuwa vimeliwa vibaya kuliko vya mtoto, vingine vimeshapasuka. Nikamwuliza kama hasikii wakimwuma. Alitazama miguu ile kama ya mgeni aliyemtembelea.

"Sijasikia," akasema.

Mtu anayeona skrubu ndogo kuliko punje ya mtama hakuwaona viroboto kwenye miguu ya mwanawe. Simlaumu kwa chuki. Nasema kilichokuwepo.

Alinyanyuka, akatoa chupa aliyopewa na mlinzi wa ghala, dawa ya kuogeshea mbwa, akataka kuwatia wale watoto wa paka. Nikamzuia mkono. Tukawabeba kwenye kikapu pamoja na mama yao, mimi na Chiriku, hadi kwa daktari wa mifugo.

Daktari yule ni mtu mfupi wa maneno machache. Chupa aliiweka mbali kwanza. Alisema dawa ya mbwa inaweza kumwua paka mkubwa, sembuse kichanga. Yule paka mama akamtilia shingoni matone ya dawa ya paka, akasema hawa wadogo bado hawajafikia umri wa dawa. Waogeshwe maji ya uvuguvugu na sabuni laini, tukianzia kuzungusha povu shingoni ili viroboto wasikimbilie machoni na masikioni. Wachanwe kwa kitana cha chawa, na kitana kichovywe kwenye maji ya sabuni. Wakaushwe kwa taulo papo hapo, maana baridi nayo huua. Akamwinua Sekunde mdomo, akamwonyesha Chiriku ufizi: ukiuona umepauka, damu imekwisha, mlete haraka. Wa Sekunde ulikuwa umeshaanza kupauka.

Kisha akanigeukia mimi mtu mzima. "Hao unaowaona mwilini ni wachache. Wengi wako kitandani na sakafuni, ni mayai na funza. Wanapolala pafuliwe kwa maji ya moto. Bila hivyo mtaogesha paka mpaka mchoke, na mtawazika."

Hayo nilisikia kwa masikio yangu, na kufua ndiyo kazi yangu.

Tulifanya vizuri, nikwambieni. Tulifagia chini ya kitanda, tukasugua nyufa za sakafu, takataka tukazichoma. Godoro tukalianika na kulipiga fimbo. Nilifua mapazia, mto, zulia dogo. Likabaki shuka. Fundi alilileta mwenyewe, amelikunja vizuri na kulikumbatia kifuani, akasimama mlangoni kwangu.

"Shemeji, unaweza kulifua lisitoke harufu?"

Nilielewa harufu gani. Mkewe alikuwa na mafuta yake ya kujipaka, na ukipita karibu na shuka lile ulimsikia. Jibu nililijua. Miaka kumi na tisa, nani anijulishe? Maji ya moto hayachagui cha kutoa.

Nikamwambia ndiyo.

Nililikung'uta, nikalianika juani kutwa nzima, nikalikunja, nikalirudisha. Pasi sikulipitisha, kwa kuogopa moto ungeondoa ile harufu. Fundi alilipokea, akazika uso humo palepale mlangoni, na mabega yake yakashuka. Mimi nikarudi kwangu nikijisifu kwamba nina huruma.

Watoto wa paka wakarudishwa juu ya shuka lile, kwa kuwa mama yao hakukubali kulala pengine, na kwa kuwa dobi alishasema ni safi.

Siku ya nne viroboto walikuwepo tena. Chiriku akaogesha, akachana, akakausha, na kesho yake vivyo hivyo, mpaka mkono ukamvimba. Sekunde alikufa Jumapili. Mwezi alikufa Jumanne wakati mtoto yuko shule. Wiki alikufa Jumatano mapajani mwa Chiriku, wakati anachanwa. Hakuna hata mmoja tuliyewahi kumrudisha kwa daktari akiwa hai. Ukutani nilisikia sauti ikipungua. Kwanza aliacha kuwasimulia. Kisha akaacha kuwaita. Jumatano jioni hakukuwa na neno.

Nilikuwa nahisi nini mimi? Kusema kweli, sikuhisi kitu. Nilifua. Niliweka mashati huku na suruali huku. Fikra ya shuka ilikuja, nikaikunja pamoja na nguo za watu.

Alhamisi mchana Chiriku aliingia uani na shuka begani. Aliliweka juu ya beseni langu.

"Mama Dobi, hili hukulifua."

Nikaendelea kukamua shati lililokuwa mkononi.

"Nilinusa siku ileile ulipolirudisha. Lilikuwa bado linanukia mama." Aliongea bila kulia, kama anayesoma daftari. "Nikanyamaza. Na mimi nilitaka libaki hivyo."

"Sasa mbona umelileta?"

"Ufizi wa Dakika umeanza kuwa mweupe."

Nilitaka kumkumbatia, mikono ikawa mizito. Nilitaka kulia, machozi hayakuja. Niliwasha jiko, nikabandika sufuria kubwa ninayochemshia mashuka ya wagonjwa. Nikampa mtoto kitana na bakuli la maji ya sabuni, akakaa kizingitini na Dakika ndani ya taulo, akaanza kuchana kuanzia shingoni. Maji yalipochemka nililishika shuka, nikashindwa kulitumbukiza. Ndipo Fundi akatokea. Alikuwa anamtafuta binti yake.

"Shemeji," nikamwambia, "sikulifua. Nililianika tu. Nilikudanganya."

Alitazama sufuria, akamtazama mtoto, akatazama miguu ya mtoto.

"Nilikuomba mwenyewe," akasema.

Akalichukua shuka mikononi mwangu. Safari hii hakulinusa. Alilitumbukiza, akashika mti wangu wa kukorogea, akalizamisha mpaka lote likafunikwa. Maji yakawa ya kijivu, kisha yakaingia wekundu kama wa kutu, na juu vikaelea vijidudu ambavyo hakuna kati yetu aliyetaka kuvihesabu. Mvuke ukanukia yale mafuta kwa nguvu, kama vile mwenyewe amepita uani. Kisha ukanuka sabuni. Tulisimama hapo watatu.

Dakika alipelekwa kwa daktari siku hiyohiyo, akaongezewa lishe na kuwekwa kwenye joto. Viroboto hawakuisha mara moja. Wiki mbili baadaye walitokea wapya kutoka nyufani, tukafagia tena, tukafua tena, kila siku ya nne, mwezi na nusu. Fundi ndiye aliyekuwa anachemsha maji. Amerudi kulala chumbani, na kila asubuhi anafagia kabla hajakaa mezani. Dakika ameishi, na ufizi wake una rangi. Chiriku anaongea naye, lakini kwa sauti ndogo sana. Nikitaka kumsikia inabidi nibandike sikio ukutani.

FUNZO

Jirani zangu, kiroboto si aibu. Aibu ni kumwona ukanyamaza. Usimtie mtoto wa paka dawa ya mbwa wala ya ng'ombe, kaulize kwanza. Mwogeshe, mchane, mkaushe, mtazame ufizi. Na usisahau anapolala: fua kwa maji ya moto, fagia, anika, urudie hata pale unapodhani umemaliza, maana mayai yanakusubiri uchoke.

Hayo ni ya paka. Ya watu ni haya. Mwenye majonzi asiachwe peke yake na vumbi lake eti kwa heshima. Nenda, kamata ufagio, atakasirika, kisha atatulia. Wanaobaki wanahitaji kitanda safi kuliko kumbukumbu. Na ukiombwa jambo ambalo unajua litadhuru, sema hapana, hata kama anayekuomba amesimama mlangoni kwako na shuka la mkewe kifuani.

Ningelifua siku ile ya kwanza, Fundi angeninunia wiki mbili. Na watoto wa paka wangekuwa wanne.