Kiti cha Mbele Kina Mtu

Taa ya mkanda wa usalama ilikuwa inawaka upande wa abiria, na kiti cha abiria kilikuwa kitupu. Hilo tu. Kwa fundi Gaudens, aliyezoea magari yanayofuka moshi kama tanuri la mkaa, kazi hiyo ilikuwa rahisi kama kumsukuma mlevi.

"Inalia tangu natoka nyumbani," alisema mwalimu Demetria, mwenye gari. "Na mama kagoma kukaa mbele. Eti hawezi kumkalia mtu."

Gaudens akacheka. "Wazee nao! Hiyo sensa tu, mwalimu, kile kidude cha kuhisi mtu akikaa kitini. Niachie, jioni upitie."

Mawazo yake hayakuwa kwa mama wa mtu. Yalikuwa Chamazi, kwa mkewe Vaileth, aliyemwacha peke yake asubuhi, mjamzito, miguu imevimba. Mimba mbili zilishawatoka. Hii ya tatu waliitunza kama mboni ya jicho, na Gaudens alitaka awahi kurudi.

Ilipofika saa ya jua la utosi, ambayo watu wa pwani hawapendi kumwacha mtu peke yake, mafundi wenzake walikuwa wamekwenda kula. Gereji yao ya Tabata ikawa kimya. Gaudens akachomeka mashine ya kupimia chini ya usukani. Mashine ikasema gari halina kosa. Ikasema pia kwamba kiti cha mbele kina mtu.

Akainama chini ya kiti, akachomoa waya wa sensa. Ukichomoa sensa, mashine lazima ilalamike. Hata fundi wa jana analijua hilo. Akaitazama. Gari halina kosa. Kiti kina mtu.

Aliogopa, tusimfiche. Harufu ya kafuri, ile wanayopakwa maiti, ikatoka kwenye kitambaa cha kiti, na mto wa kiti ukabonyea taratibu mbele ya macho yake, kama umekaliwa na mtu anayejiweka sawa baada ya safari ndefu, na ingawa miguu ilimwambia kimbia, ubishi wa kifundi ukamshinda, akaingiza tena kichwa chini ya kiti ili arudishe ule waya, jasho likimwingia machoni, na ndipo nyuma yake, karibu kabisa na sikio, sauti laini ya kike ikasema:

"Hodi."

"Karibu," Gaudens akajibu.

Maskini, alijibu kama tunavyojibu sote, kabla ya kujua nani anabisha. Alipotoa kichwa hapakuwa na mtu. Taa ilikuwa imezimika.

Jioni Demetria akaja na mama yake kuchukua gari. Haukupita muda akapiga simu, furaha tele.

"Fundi, Mungu akubariki! Mama kakaa mbele mwenyewe. Anasema yule mtu kashuka."

Gaudens alitaka kuuliza kashukia wapi, akaogopa jibu. Akafunga gereji, akakimbilia barabarani, akasimamisha bodaboda.

"Chamazi, braza. Fanya haraka, mke wangu yuko peke yake."

Kijana wa boda akamtazama, kisha akatazama nyuma ya bega lake, akatikisa kichwa.

"Mie sipakii mishkaki, braza, trafiki wamejaa. Panda mmoja. Huyo sista aliyekushika shati achukue boda yake."

Gaudens hakugeuka. Simu ikaanza kuita mfukoni. Alikuwa Vaileth, bila shaka akitaka kujua mumewe amefika wapi, na Gaudens hakujua tena kama arudi nyumbani, au asirudi kamwe.